Sabufa ya inchi 12 kwa nyumba ya kupanga: ninunue au nipigiwe boksi?

Swali la msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa ufupi: ana wufa ya kawaida yenye sabufa ya inchi 6 na nusu, imeandikwa wati 12,000 PMPO. Sebule ni mita 3.6 kwa 4.2, dari mita 2.6. Besi inavuma tu, nota zote zinasikika kama moja, na wimbo ukishuka chini kabisa hasikii kitu. Ameona spika ya gari ya inchi 12 Luthuli Avenue, na fundi seremala wa mtaani yuko tayari kumpigia boksi. Anataka kujua kama atapata besi ya chini ya kweli, boksi liwe la ukubwa gani, au aachane na hayo anunue sabufa iliyokamilika.

Jibu: jenga, kwa sharti moja. Spika utakayonunua lazima iwe na namba zake zilizoandikwa, au uipime mwenyewe kwa njia nitakayoeleza hapa chini. Spika isiyo na namba ukiitia kwenye boksi lililokisiwa kwa macho, utapata mvumo uleule ulionao sasa, ila mkubwa zaidi. Kama huwezi kupata namba, nunua iliyokamilika.

Kwanza tuondoe hizo wati 12,000. PMPO ni namba ya matangazo, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Geuza wufa yako usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa 240V 50Hz na wati inazokula. Mara nyingi utakuta 40, 60 au 80. Mashine haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia kwenye waya wa umeme, na hizo 60 zinagawanywa kati ya sabufa, spika ndogo na joto.

Lakini hata wati halisi si mwisho wa hesabu, kwa sababu besi ya chini ni hewa inayosukumwa. Koni, ile sahani ya spika inayotembea, ikiwa ya inchi 6 na nusu ina eneo la takriban sentimita mraba 135. Ikienda milimita 4 mbele, inasukuma lita 0.05 hivi za hewa. Koni ya inchi 12 ina takriban sentimita mraba 500, na ikienda milimita 10 inasukuma nusu lita. Hiyo ni zaidi ya mara 9. Tena kila unaposhuka oktava moja, mathalani kutoka Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, hadi 20, koni inatakiwa kwenda mara 4 zaidi ili sauti ibaki na nguvu ileile. Hapo ndipo wufa ndogo inaposhindwa: koni imefika mwisho wa safari yake, na wati ukiongeza zinageuka joto na mkwaruzo.

Jua pia unatafuta nini hasa. Waya mzito wa gitaa la besi la nyuzi 4 hupiga Hz 41. La nyuzi 5 hushuka hadi 31. Nota ya chini kabisa ya piano ni 27.5. Kile kishindo kinachogonga kifua kwenye matatu kiko juu zaidi, kati ya 50 na 80. Kwa hiyo sabufa inayofika Hz 30 bila kulegea inatosha karibu muziki wote, na kwenye sinema utausikia mtikisiko wa kiti unaoutaka. Usimfuate mtu anayekuambia utafute Hz 16 kwenye sebule ya kupanga.

Nani anakuzuia kufika 30? Mara nyingi ni ukubwa wa boksi. Kuna kanuni ya zamani ya Hofmann: besi ya chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati chache, vitatu hivyo huwezi kuvipata pamoja, unachagua viwili. Ukiona sabufa ndogo kama ndoo ya lita 20 inayodai Hz 20, au inakula umeme mwingi sana, au namba hiyo haina maana. Maandishi ya "20Hz–20kHz" yasiyotaja desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) za kupanda na kushuka, kama ±3, yapuuze kabisa.

Sasa namba za spika. Zinaitwa za Thiele na Small, kwa majina ya Neville Thiele aliyechapisha kazi yake Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wewe unahitaji nne tu. Fs ni masafa ambayo koni hutikisika yenyewe kwa urahisi zaidi. Kwa besi ya chini itafute iwe kati ya 22 na 32. Qts huonyesha jinsi sumaku na mpira wa koni unavyoizuia koni isiyumbe hovyo. Kwa boksi la bomba, yaani lenye bomba la kutolea hewa nje, 0.3 hadi 0.45 ni nzuri, na kwa boksi lililofungwa, 0.4 hadi 0.7. Vas ni lita za hewa zenye ulaini sawa na ulaini wa koni yenyewe. Xmax ni milimita ambazo koni inakwenda upande mmoja bila kupotosha sauti. Chini ya 8 kwa inchi 12, endelea kutafuta.

Muuzaji mzuri atakupa karatasi iliyo ndani ya katoni, au utaipata kwenye tovuti ya kampuni kwa namba ya modeli. Asipokuwa nayo, usikubali jibu la "hii ni wati 1,500, inatoa". Inua spika uone uzito, kisha uvue lile kava la mpira linalofunika sumaku kama linavulika. Sumaku nyembamba iliyovishwa kava nene ni jambo la kawaida. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawa: ikikwaruza ndani, iache. Weka maltimita kwenye koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni. Koili ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.7, ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma 1.8, hiyo ni ya omu 2, hata kama kibandiko kinasema 4.

Fs unaweza kuipima nyumbani kwa rezista moja ya omu 1,000. Unganisha amplifaya ndogo yoyote, kisha rezista, kisha spika ikiwa haina boksi, imeshikwa hewani au imesimama wima bila kitu karibu na koni. Simu icheze toni kutoka programu ya kutoa toni, uanze Hz 15 ukipanda moja moja hadi 70. Maltimita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye pini mbili za spika. Volti zitapanda, zifike kilele, zishuke. Kilele ndicho Fs. Maltimita ya bei nafuu imetengenezwa kupima umeme wa Hz 50, kwa hiyo eneo hili inalisoma vizuri tu. Spika mpya huwa imekaza. Iache icheze toni ya Hz 25 kwa saa chache koni ikitembea wazi, kisha upime tena, na namba itashuka kidogo. Kilele kikiwa 45 au zaidi baada ya hapo, hiyo si spika ya besi ya chini, na hakuna boksi litakaloiokoa.

Kuna jambo la Nairobi ambalo mafundi wengi hawalitilii maanani. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni karibu asilimia 18 chini ya lile la Mombasa. Namba ya Vas kwenye karatasi imepimwa kwa hewa ya chini. Huku juu, hewa ndani ya boksi ni laini zaidi, hivyo zidisha Vas kwa 0.82 kabla ya kupiga hesabu. Vas ya lita 85 inakuwa 70. Maana yake boksi lako linaweza kuwa dogo kidogo kuliko lililochorwa na kampuni, na hilo linakufaa. Urefu wa bomba haubadiliki, kwa sababu unategemea kasi ya sauti, na kasi ya sauti inafuata joto la hewa, haifuati shinikizo. Hasara ni kwamba hewa nyepesi inabeba sauti pungufu, desibeli 1.5 hadi 2 kwa mwendo uleule wa koni. Ndiyo maana nasisitiza Xmax.

Tuchukue mfano wa spika yenye Fs 29, Qts 0.40, Vas 85, ambayo ni ya kawaida kwa inchi 12 nzuri. Kwa boksi lililofungwa kabisa, gawanya 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, kisha gawanya Vas yako ya Nairobi kwa hiyo namba. Unapata 70 gawanya kwa 2.12, yaani lita 33. Ni boksi dogo, rahisi kujenga, linasamehe makosa, na sauti yake inakatika haraka bila mkia. Lakini kwenye Hz 30 itakuwa karibu desibeli 10 chini ya ilivyo juu.

Boksi la bomba lina hesabu nyingine: 20 mara Qts iliyopandishwa kwa kipeo cha 3.3, mara Vas. Kikokotoo cha simu kikilazwa kina kitufe cha vipeo. Unapata lita 68, na masafa ya kutuni bomba, yaani yale ambayo hewa yake hutikisika kwa nguvu zaidi, yanaangukia karibu na Fs yenyewe. Sema lita 70, lituniwe Hz 30. Hapo besi inafika 30 kwa nguvu, kwa sababu karibu na masafa hayo koni inatulia na hewa ya bomba ndiyo inayofanya kazi. Kwa unachotaka, ningechagua hili. Kabla ya kukata mbao, ingiza namba zako kwenye WinISD, programu ya bure ya kompyuta, uone mchoro wake. Spika yako ikiwa na Qts ya 0.5 na zaidi, usiitie kwenye boksi hili, itavuma. Ifungie.

Bomba: tumia la PVC la inchi 4, lile la maji taka, lenye kipenyo cha nje cha milimita 110. Upana wa ndani ni kama sentimita 10.4, ila pima lako kwa rula. Urefu kwa sentimita ni 23,562.5 mara kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa (30 mara 30 mara lita 70), kisha toa kipenyo mara 0.732. Inakuja 40.4 toa 7.6, yaani karibu 32.8. Fundi akikushauri uweke mabomba mawili ili "ipumue vizuri", mwonyeshe hesabu: kila moja litatakiwa liwe na sentimita 73, na haliingii. Akiyaweka mawili mafupi, ametuni boksi juu na umerudi kwenye mvumo. Bomba moja la inchi 4 huanza kupuliza upepo unaosikika ukikaribia desibeli 103 kwa mita 1 kwenye Hz 30. Kwa nyumba ya kupanga hiyo ni sauti nyingi mno.

Boksi lenyewe. Ndani liwe upana 36, urefu 50, kina 43.5, yaani lita 78. Ukitoa spika yenyewe lita 3, bomba lita 3 na viungo vya ndani lita 1, zinabaki 71. MDF ya milimita 18. Kata hivi: vipande viwili vya mbele na nyuma 39.6 kwa 53.6, viwili vya pembeni 43.5 kwa 53.6, viwili vya juu na chini 36 kwa 43.5. Vyote sita vinatoka kwenye nusu bodi ya futi 4 kwa 4, ukipanga kila safu kipande cha 39.6, cha 43.5 na cha 36 vikifuatana. Unabaki na utepe wa sentimita 14 hivi wa kutengeneza viungo. Kata kwa mashine ya duka la mbao, usikate kwa msumeno wa mkono. Kona isipokuwa mraba, mshono utavuja na hutaona kwa macho.

Chapa ya MDF si kitu, lakini unene ni kitu. Ikiwa duka lina milimita 16 pekee, badilisha vipimo vya nje, ujazo wa ndani ubaki uleule. Usiende chini ya hapo. Ubao wa milimita 12 kwenye boksi la ukubwa huu utapiga kelele zake mwenyewe kati ya Hz 150 na 300, na utadhani spika imeharibika.

Kuunga: gundi nyeupe ya mbao kwenye mshono wote, kisha skrubu kila sentimita 12 hadi 15. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, kwani ukingo wa MDF hupasuka ukiingiza skrubu bila tundu. Gundi ndiyo inayoshikilia. Skrubu zinabana tu hadi ikauke. Ndani weka kiungo kimoja cha upana wa sentimita 7 kutoka ubavu hadi ubavu nyuma ya spika, na kingine kutoka mbele hadi nyuma, kati ya spika na bomba. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole kabla na baada: mlio unapanda na kuwa mfupi. Huo ndio unaotakiwa.

Spika iwe juu, bomba chini, au kinyume, haijalishi. Linalojali ni nafasi: mwisho wa bomba ndani ubaki angalau sentimita 10 kutoka ubao wa nyuma, na hapa una 12.5. Tundu la spika lipime kwenye spika yako mwenyewe, maana inchi 12 za kampuni mbalimbali zinatofautiana kwa sentimita nzima. Acha bomba lianze na sentimita 35, utalikata baadaye. Paka silikoni kwenye mishono yote ya ndani, uache saa 24 boksi likiwa wazi kabla ya kufunga spika. Ile inayonuka siki ikikaukia ndani ya boksi lililofungwa inaweza kudhuru gundi ya koni. Chini ya ukingo wa spika weka utepe wa sponji wa madirisha. Pamba ya mito bandika nyepesi kwenye kuta tatu, sentimita 2 au 3 tu, mbali na mdomo wa bomba. Kujaza pamba ni kwa boksi lililofungwa.

Kujaribu kama linavuja, cheza toni ya Hz 30 kwa sauti ya kadiri na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kwenye kila mshono na kwenye soketi ya waya. Moshi ukiyumba mahali pasipo bomba, hapo panavuja. Soketi ya waya ndiyo huvuja zaidi, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kisha tuni. Bandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe katikati ya koni na uimulike kwa tochi ya simu. Cheza toni kutoka Hz 45 ukishuka moja moja. Utaona karatasi inatetemeka hadi inakuwa kama ukungu, kisha mahali fulani inatulia, karibu isimame, huku upepo wa bomba ukiwa mkali kiganjani. Ukiteremka zaidi, inaanza tena kuruka. Pale inapotulia ndipo boksi limetuniwa. Kwa bomba la 35 utakuta kati ya 29 na 30. Likiwa 28, kata sentimita 1 kwa mara, upime tena. Usikate tatu kwa pupa, maana bomba halirefuki.

Kuruka huko kwa chini ya Hz 25 ni hatari. Boksi la bomba haliishiki tena koni, na sinema moja yenye mlipuko inaweza kupasua koili. Amplifaya yako iwe na kichujio cha kukata chini ya Hz 25. Zile zilizotengenezwa maalumu kwa sabufa, za kufungwa nyuma ya boksi, nyingi zinacho, pamoja na krosova (inayogawa masafa kati ya sabufa na spika ndogo) na swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa koni). Hizo ndizo ningependelea; ila iwekee chumba chake kilichozibwa, kisiungane na hewa ya spika.

Amplifaya ya gari kwenye nyumba ni njia inayopendwa sana, na ndiyo inayoharibika sana. Kutoa wati 200 halisi, ile ya darasa AB inavuta karibu ampea 27 kwa volti 13. Saplai ya kompyuta ya zamani haiwezi. Itajizima kila mdundo mzito ukipiga. Ukitumia bodi ndogo za darasa D, zipime kwa kanuni hii: volti za saplai mara zenyewe, gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Saplai ya volti 24 na spika ya omu 4 ni 576 gawanya kwa 8, wati 72, hata bodi iandikwe 300. Volti 36 inafika kinadharia 162, kiutendaji 140 hivi, na inataka saplai ya ampea 6. Kwa sebule yako hizo zinatosha. Ukizipandisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu.

Spika nyingi za gari zina koili mbili. Mbili za omu 4 ukizifunga sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya iliyoandikwa omu 4 itaungua. Ukizifunga mfululizo zinakuwa 8 na unapoteza karibu nusu ya nguvu. Ukipata ya koili mbili za omu 2, zifunge mfululizo uwe na 4 kamili. Chagua kabla ya kulipa.

Sasa chumba, ambacho ndicho nusu ya lile tatizo lako la kuvuma. Nusu nyingine ni boksi dogo la wufa yako, lililotuniwa juu. Kasi ya sauti ni mita 343 kwa sekunde. Igawanye kwa mara mbili ya urefu wa kila upande. Mita 4.2 inatoa Hz 41, mita 3.6 inatoa 48, dari inatoa 66. Kwenye masafa hayo matatu chumba chako kinaimba chenyewe, na kuta za mawe na slabu ya zege hazinyonyi kitu, zinarudisha yote. Trei za mayai, zulia na pazia havigusi masafa haya. Robo ya wimbi la Hz 41 ni mita 2.1, na kitu chembamba hakiwezi kulinyonya. Kinachosaidia ni mahali. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, cheza toni za 41, 48 na 66 kwa zamu, halafu tembea kando ya kuta umeinama, sikio likiwa usawa wa sabufa itakapokuwa. Utashangaa: hatua mbili tu na toni inapotea au inajaa. Mahali toni tatu zinapokaribiana kwa ukubwa wa sauti, hapo ndipo sabufa ikae. Kwenye kona kabisa ya chumba utapata sauti kubwa kuliko kote, pamoja na mvumo wote. Kiti nacho kisigusane na ukuta wa nyuma. Kikibaki kilele kimoja, kikate kwa ikwalaiza desibeli 5 au 6 kwa upana mdogo. Shimo usilijaze, utachosha amplifaya bure.

Krosova anza na Hz 80. Geuza swichi ya fezi ukicheza toni ya 80 huku spika ndogo zikilia pia. Upande wenye sauti kubwa zaidi ndio sahihi. Ukisikia mngurumo wa Hz 50 wa kudumu, chomoa waya wa antena au wa dishi nyuma ya dekoda kwanza. Mngurumo ukinyamaza, tatizo ni ardhi mbili tofauti za umeme. Weka vyote kwenye ekstensheni moja.

Na majirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka kikomo cha usiku maeneo ya makazi kuwa desibeli 35, na usiku unaanza saa mbili. Kipimo chake, dBA, kinapunguza Hz 31 kwa desibeli 39, kwa hiyo mita inaweza kusoma kidogo huku slabu ya jirani wa chini ikitetemeka. Yeye anasikia, hata mashine isiposema. Mpira chini ya boksi unazuia mtetemo wa sakafu kiasi, lakini sehemu kubwa inapita hewani na ndani ya zege. Usiku sokota soksi mbili nene uzitie ndani ya bomba zikaze: boksi linakuwa kama lililofungwa, Hz 30 inashuka sana, nota za gitaa zinabaki. Asubuhi unazitoa. Usisahau kuzitoa kabla ya kupandisha sauti, kwani zikiwa nusu zimelegea bomba litazirusha, na boksi litakuwa limepoteza tuni yake kwa muda wote huo.

Ukiamua kununua iliyokamilika, nenda Luthuli na simu yenye toni za 60, 50, 40, 35 na 30, uzicheze kwa sauti ileile bila kugusa kitasa. Inayobaki na nguvu hadi 35 bila kupuliza upepo wala kukohoa ndiyo ya kuchukua, hata kama ya jirani yake rafuni ina taa nyingi zaidi.